Mteja wa Intaneti Amegeuzwa Mkopeshaji

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Aghalabu huingia katika simu mwishoni mwa mwezi, wakati wa magharibi, mwalimu akiwa bado anasahihisha madaftari na watoto wakiwa wamejikusanya mezani kumalizia kazi ya shule. Humtaarifu mteja mpendwa kwamba kuanzia mwezi ujao ada ya intaneti itapanda, na kwamba nyongeza hiyo itaiwezesha kampuni kumletea faiba hadi mlangoni. Kisha humshukuru kwa uaminifu wake. Haisemwi faiba hiyo itafika lini. Haisemwi itapitia njia gani. Wala haisemwi kama ada itarejea ilipokuwa pindi mtaro wa mwisho utakapofukiwa.

Sina haja ya kuitaja kampuni yoyote, maana ujumbe wa aina hii si wa kampuni moja. Huweza kutoka kwa shirika kubwa lenye makao yake jijini Nairobi, na huweza kutoka kwa kijana aliyefunga dishi juu ya paa la duka na kuwagawia majirani mawimbi kwa malipo ya mwezi. Kinachonishughulisha ni jinsi unavyopokewa na watu wa mahali kama Sironga, kaunti ya Nyamira, ambako intaneti si anasa ya mabwanyenye tena bali ni chombo cha kazi kama jembe na chaki.

Mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala huhamaki papo hapo. Yeye hawezi kumwongezea mwanafunzi bei ya ukurasa mmoja, kwa kuwa mwanafunzi mwenyewe amefika dukani na sarafu ya shilingi kumi mkononi. Mzazi mwenye kijana katika Chuo Kikuu cha Kisii huuliza ni kitu gani tena kitapunguzwa nyumbani. Walio wengi hunung'unika siku mbili tatu, wakaapa kuhamia kwingine, na mwezi ukiisha wakalipa. Wapo pia wanaotumia ujanja ambao makampuni yanaujua fika: nyumba tatu huchangia laini moja na kupeana neno la siri, na kasi inapozorota kila mmoja humlaumu mwenzake kwa kutazama filamu usiku kucha. Na wapo wazee, hasa wale waliowahi kungoja simu ya waya miaka nenda miaka rudi, wanaosema: tulipe tu, angalau safari hii tumeambiwa pesa zinakwenda wapi.

Kauli hii ya wazee ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwani kwa hakika hatujaambiwa. Tumetajiwa faiba, basi. Mtu anayelipa leo kwa ajili ya kitu atakachokipata kesho, au ambacho pengine hatakipata kabisa, si mnunuzi. Katika lugha ya biashara yeye ni mkopeshaji au ni mwekezaji. Mkopeshaji hudai riba na siku ya kurudishiwa mali yake, naye mwekezaji hudai hisa. Mteja wa intaneti hapewi kimojawapo, na bado akichelewa kulipa kwa siku moja laini yake inakatwa.

Tuwatendee haki wenye makampuni. Faiba ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ambao habari hupita ndani yake kwa njia ya mwanga. Uzi wenyewe si ghali sana. Gharama iko katika kuchimba mtaro au kukodi nguzo, kulipia vibali vya kupita kandokando ya barabara, kuelewana na wenye mashamba, kuajiri mafundi wa kuunga nyuzi, na kurudi tena na tena pale tingatinga la kutengeneza barabara linapozikata. Takriban yote hayo hulipwa kabla mteja wa kwanza hajawasha mtambo wake. Kampuni inayosema kwamba inahitaji mtaji haisemi uongo.

Tena haisemi uongo inaposema kwamba faiba itawafaa watu wa vilima hivi kuliko dishi. Mawimbi yanayorushwa kutoka mlingoti hadi paa la nyumba huhitaji njia iliyo wazi, nayo nchi ya Gusii ni ya vilima na mabonde, na katikati kumepandwa mikaratusi mirefu inayokua haraka kuliko deni. Jirani akipanda mstari mmoja wa miti leo, baada ya miaka michache dishi lako linatazama majani. Isitoshe, uwezo wa mlingoti hugawanywa kwa wote wanaoutumia, na ndiyo maana huduma inayokwenda vyema saa nne asubuhi hutambaa saa mbili usiku. Faiba nayo hugawanywa baina ya nyumba, lakini uwezo wake ni mkubwa mno hivi kwamba mteja wa kawaida hatambui.

Hoja yao ninayoikataa ni ile ya kwamba mashambani hakuna watu wa kutosha. Hoja hiyo inaweza kuwa kweli huko Marsabit au Turkana. Katika sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576, yaani takriban watu 675 kwa kila kilomita ya mraba. Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, wastani wa zaidi ya 950 kwa kilomita ya mraba. Wastani wa nchi nzima ulikuwa watu 82. Kilomita moja ya mtaro katika vijiji vya Gusii hupita milango ya watu wengi kuliko inavyopita katika mitaa kadhaa ya wakwasi huko mijini, ambako nyumba moja imekaa katikati ya ekari nzima ya nyasi na mbwa wawili. Tofauti si idadi ya milango. Tofauti ni mapato ya walio ndani, na kampuni ingefanya vyema kulisema hilo waziwazi ili mjadala uwe wa haki.

Watu wa Gusii si wageni wa kulipa kwanza na kupata baadaye. Shule nyingi wanazosomesha walimu wanaosoma ukurasa huu zilianza kwa harambee, kuku na mbuzi wakinadiwa chini ya mti. Lakini mfano unaofaa zaidi ni majani chai. Mkulima anayepeleka majani yake katika viwanda kama Sanganyi au Kebirigo amezoea makato, na sehemu ya makato hayo ndiyo iliyojenga viwanda, ikanunua mashine, ikalipa madeni. Hata hivyo, tangu KTDA ilipobinafsishwa mwaka 2000, viwanda hivyo ni kampuni ambazo wakulima wenyewe ndio wenye hisa. Huchagua wakurugenzi. Mwisho wa mwaka hulipwa bonasi. Huenda bonasi ikawa ndogo, na wanalalamika kila mwaka kwa sauti kubwa, lakini wana mahali pa kusimama wanapolalamika. Mteja wa intaneti anayekatwa shilingi mia tatu zaidi kila mwezi ili mtaro uchimbwe hana mkutano wa kuhudhuria, hana mkurugenzi wa kumwondoa, na mtaro ukishakamilika ni mali ya watu asiowajua.

Mfano mwingine ni stima. Kwa miongo mingi bili ya umeme nchini Kenya imebeba tozo ya asilimia 5 kwa ajili ya kusambaza umeme mashambani. Watu wa mijini waliilipa, wengi wao bila kuijua, na nguzo zikasogea. Waliotaka kujua waliiona katika karatasi, ikiwa na mstari wake na kiasi chake. Na serikali ilipoanzisha mpango wa Last Mile mwaka 2015, masharti yalitangazwa kinagaubaga: ada ya kuunganishwa ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na aliyelengwa ni yule aliye ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake. Wapo waliongoja hadi wakachoka, na wapo waliowekewa mita wakakosa pesa za kununua tokeni. Lakini mtu aliweza kuzihesabu hatua kutoka transfoma hadi boma lake akajua kama ana haki ya kudai. Hebu jiulize, msomaji, ni kampuni gani ya intaneti iliyowahi kukupa kipimo cha namna hiyo?

Kuna jambo jingine ambalo makampuni hayapendi kulitaja, na serikali nayo hulisahau. Faiba ya uti wa mgongo wa nchi, ile inayounganisha miji na miji, kwa sehemu kubwa ilijengwa kwa fedha za umma. Mradi wa taifa uitwao NOFBI ulianza katika miaka ya 2000, na awamu yake ya pili, iliyogharimiwa kwa mkopo kutoka Uchina, ilikusudiwa kuyafikia makao makuu ya kaunti zote 47, Nyamira ikiwamo. Mkopo huo unalipwa na mlipa kodi, hata yule asiyemiliki simu. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Sironga amekwisha kulipa mara moja ili faiba ifike Nyamira mjini. Ujumbe wa mwisho wa mwezi unamtaka alipe mara ya pili ili ivuke kutoka mjini hadi kwake, na hapo ndipo anapostahili kuuliza maswali mengi kuliko mtu anayenunua sukari.

Nimemtaja mwalimu mara kwa mara kwa sababu maalumu. Zamani mwajiri alipotaka taarifa kutoka shuleni alituma fomu, na fomu ikarudi kwa posta kwa stempu ya shule. Leo mwalimu hujaza tathmini yake ya utendakazi, TPAD, katika tovuti ya Tume ya Huduma za Walimu. Alama za tathmini za shuleni chini ya mtaala wa umilisi hupakiwa katika tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC. Usajili wa watahiniwa hufanywa mtandaoni. Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne huchagua kozi yake katika tovuti ya KUCCPS, na maombi ya mkopo wa HELB hupitia mtandaoni pia. Kazi hizi zina siku ya mwisho, na siku hiyo haimngojei mtu ambaye mtandao wake unatambaa. Shule yenye mfuko itasema intaneti iko ofisini. Katika shule nyingi za kutwa, mwalimu huchomoa simu yake, hununua bando kwa pesa zake, na kuifanya kazi ya mwajiri wake akiwa amesimama dirishani mahali ambapo mawimbi yanashika.

Kwa hiyo bei ya intaneti ikipanda, mwalimu hupunguziwa mshahara kwa mlango wa nyuma. Sijasikia chama chochote cha walimu kikiiweka hoja hii juu kabisa ya orodha yake wakati wa kujadiliana na mwajiri. Marupurupu ya nyumba, ndiyo. Ya usafiri, ndiyo. Ya mazingira magumu, ndiyo. Ya bando, ambalo bila hilo kazi yenyewe haikamiliki, kimya.

Sasa tuje katika swali lenyewe. Je, kulipa kwanza kumewahi kutushushia bei baadaye? Historia ya mawasiliano nchini Kenya ina majibu, na si yale tunayotumiwa kwenye simu.

Katika miaka ya 1990 tulikuwa na Shirika la Posta na Simu, KPTC, lenye soko lote mkononi mwake. Hadi lilipogawanywa mwaka 1999, zikazaliwa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano, nchi yenye watu zaidi ya milioni 28 ilikuwa na takriban laini 300,000 tu za simu za waya. Wateja walikuwa wakilipa na kungoja, na ahadi ya upanuzi haikukosekana. Mwaka 2000 makampuni ya intaneti yalijiundia kituo cha kubadilishana mawasiliano jijini Nairobi, KIXP, ili barua ya Mkenya kwa Mkenya mwenzake isilazimike kupanda setilaiti, kuzunguka ng'ambo na kurudi kwa gharama kubwa. Telkom ililalamika kwamba haki yake ya kuhodhi imevunjwa, na mwezi Desemba mwaka huo kituo kikafungwa kwa amri ya tume. Kilianza kazi tena mwaka 2002. Kizuizi pale hakikuwa ukosefu wa mtaji. Kilikuwa mtu aliyesimama langoni.

Kisha ukaja mwaka 2009, ambao wengi tunaukumbuka kwa matumaini yake. Mwezi Juni kebo ya TEAMS iliwasili Mombasa kutoka Fujairah ikipita chini ya bahari, na mwezi uliofuata kebo ya SEACOM ikaanza kazi. Tuliambiwa zama za setilaiti zimekwisha na bei itaporomoka. Haikuporomoka upesi. Makampuni yalieleza kwamba bado yalikuwa na mikataba ya setilaiti ya kumalizia, na kwamba yalihitaji kwanza kurudisha fedha yalizozitia katika kebo. Mengi yaliongeza kasi na kuacha bei pale pale. Yaani mteja aliyelipa bei kubwa kabla ya kebo kwa sababu hakukuwa na kebo, aliendelea kuilipa baada ya kebo kwa sababu kebo ilikuwa imenunuliwa. Sijui mantiki hiyo ingeitwaje sokoni Keroka, lakini muuza ndizi anayeitumia hangemaliza siku.

Bei ya kupiga simu ndiyo iliyoshuka kwa kishindo, na tuangalie ilivyoshuka. Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ilipunguza ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kuunganisha simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Agosti mwaka huo kampuni ya Zain, ambayo leo ni Airtel, ikashusha bei ya dakika hadi shilingi 3, na wapinzani wake wakalazimika kuifuata. Hakuna mteja aliyekuwa ameombwa achangie kwanza. Mdhibiti alitumia kalamu, na mpinzani akatumia nafasi.

Yaliyotukia mwaka 2024 ni ya karibu zaidi na mada yetu. Kampuni ya Starlink, inayotoa intaneti kwa setilaiti zinazozunguka karibu na dunia, ilikuwa imeingia Kenya Julai 2023. Mwaka uliofuata ilianza kukodisha vifaa vyake kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, na ikatoa kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Julai 2024 Safaricom iliandikia Mamlaka ya Mawasiliano barua ikitaka watoaji wa huduma za setilaiti wasipewe leseni za kujitegemea, bali washirikiane na makampuni yaliyomo nchini. Barua ilipojulikana wateja walikuja juu. Waliona kwamba aliyezoea kuwa langoni amerudi langoni. Kisha mwezi Septemba kampuni hiyo hiyo ikatangaza kasi mpya za faiba ya nyumbani. Aliyekuwa akilipa shilingi 2,999 kwa megabiti 10 kwa sekunde akapewa 15 kwa bei ile ile. Wa shilingi 6,299 akapanda kutoka 40 hadi 80. Wa shilingi 12,499 akaruka kutoka 100 hadi 500.

Kasi ya mteja mmoja ilizidishwa mara tano, na bili yake haikuongezwa hata ndururu. Nami nauliza, uwezo huo ulikuwa wapi mwezi Agosti? Sitaki kumvika Starlink kilemba cha ukoka, maana nayo ni kampuni ya biashara, na Novemba mwaka uo huo ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa kuwa uwezo wake ulijaa. Vifaa vyake ni ghali kwa mtu wa kijijini. Lakini kufika kwake kulifanya kazi ambayo nyongeza za bei zilizodaiwa kuwa ni za maendeleo hazijawahi kuifanya.

Kabla hatujaziachia kampuni lawama zote, na tuifungue bili yenyewe. Tangu mwaka 2018 intaneti imetozwa ushuru wa bidhaa, ule ule unaotozwa pombe na sigara. Ulianza kwa asilimia 15, ukapandishwa hadi 20 Julai 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kuurudisha 20, ukatupwa pamoja na mengine baada ya vijana kumiminika barabarani mwezi Juni. Juu ya ushuru huo huja VAT ya asilimia 16, nayo hukokotolewa baada ya ushuru wa kwanza kuongezwa, yaani kodi inatozwa kodi. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hili: katika kila shilingi 3,000 anazolipa mteja, takriban 750 si za kampuni bali ni za serikali. Robo nzima. Serikali hiyo hiyo iliahidi mwaka 2022 kutandaza kilomita 100,000 za faiba. Ingekuwa inachukua robo hiyo na kuionyesha mtaroni, ningenyamaza.

Na kuna mfuko mwingine ambao watu wachache wanaujua. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2009 iliunda hazina ya kufikisha huduma za mawasiliano kwa wote, ambayo makampuni yenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi kila mwaka. Hazina hii imejenga milingoti katika maeneo ya mbali na kuunganisha mamia ya shule za upili za umma. Hiyo ndiyo njia halali ya mwenye nacho kumchangia asiye nacho, kwa sababu ina sheria, ina mkaguzi na ina bunge la kuiuliza maswali. Mtu wa Sironga anapoongezewa bei ili kampuni iende mbali zaidi, anafanyishwa kazi ya hazina hiyo kwa mlango wa uani, bila mkaguzi.

Je, kelele za wateja husaidia? Husaidia zinapoelekezwa mahali penye masikio. Mwanzoni mwa Aprili 2021, vifurushi vipya vya simu na intaneti vilipoanza kutumika nchini Tanzania na watu wakakuta pesa zile zile zinanunua kidogo kuliko jana, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mamlaka ya mawasiliano iliagiza vifurushi vya awali virejeshwe upesi. Hapa kwetu, mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho aliipeleka Safaricom mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano akipinga bando kwisha muda kabla mnunuzi hajalitumia. Oktoba mwaka huo kampuni ilianza kuuza bando lisilokwisha muda. Mtu mmoja, na karatasi. Linganisha na maelfu wanaotukana katika simu zao usiku na kulipa asubuhi.

Karatasi hizo zipo kwa kila mmoja wetu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidika na huduma anayoinunua. Kanuni za mwaka 2010 za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano nazo zinamtaka mtoa huduma aeleze bei na masharti yake kwa uwazi. Nyongeza inayodaiwa kuwa ni ya faiba ni sharti, na sharti lisilo na tarehe wala njia halijaelezwa kwa uwazi.

Ningependa kuona walimu wa Sironga na shule za jirani wakiacha kununua intaneti mmojammoja kama watu wanaonunua nyanya. Shule sita au saba katika wadi moja, pamoja na zahanati, maduka ya nakala na kituo cha kununulia majani chai, ni mteja mkubwa ambaye kampuni yoyote ingemkimbilia. Mteja huyo anaweza kukubali kulipa zaidi. Mimi sipingi nyongeza kwa sababu tu ni nyongeza. Lakini aseme hivi: nyongeza iandikwe katika mstari wake peke yake, mbali na ada ya kawaida, kama tozo ya stima ilivyoandikwa. Tarehe ya faiba kufika itajwe, na barabara itakayopitia itajwe. Tarehe ikipita bila uzi kuonekana, nyongeza ikome mara moja na ile iliyokwisha kulipwa ihesabiwe kuwa ada ya miezi inayofuata. Uzi ukifika, waliolipa kabla waunganishwe bila malipo ya kuunganishiwa, maana hizo walizitoa zamani. Kampuni yenye nia ya kuchimba haitaona ugumu wowote hapo. Mkataba wa namna hiyo hutosha katika ukurasa mmoja, na halmashauri za shule zinaweza kuujadili zinapokutana kabla ya muhula kufunguliwa.